Mkwe Upande wa Upepo

Watu wa Sydney wana siri moja wanayowaficha wageni mpaka wakishalipa nauli: huko kuna baridi. Picha zote ni ufuo, jua na watu waliovaa nusu ya nguo. Halafu Julai inaingia, upepo unateremka kutoka milima yenye theluji, unapenya nyumba ambazo fundi alizijenga kana kwamba baridi ni uvumi tu, na mtu mzima anajipata amelala na jaketi na soksi pea mbili, akitoa mvuke mdomoni ndani ya chumba chake mwenyewe.

Ronnie Kariuki, kijana wa Karatina, alikuwa mmoja wa waliolala hivyo. Alikaa Toongabbie na rafiki yake Douglas, katika nyumba yenye hita moja ambayo waliihamisha chumba hadi chumba kama mgonjwa. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za wateja wa bima, naye aliifanya akiwa ndani ya blanketi, ni sauti tu iliyovaa tai. Kutoka kitandani hadi chooni ilikuwa safari ya kupangwa.

Na mtu huyo huyo ndiye aliyesifika mtaa wa Westmead kama mkimbiaji wa alfajiri.

Lawama zote ziende kwa chai ya kanisani. Baada ya ibada Wakenya walikuwa wakinywa chai kama kawaida, na muuguzi mmoja wa Westmead anayeitwa Jacky, mrembo, mcheshi, asiyependa upuuzi, akasema akimimina kikombe chake kwamba hawezi kumvumilia mwanamume anayejificha kitandani eti kuna baridi. Yeye Jacky alikimbia kila wiki, mvua au jua. Hakuna aliyemuuliza Ronnie kitu. Aliyejibu ni ulimi wake, bila kumshauri mwenyewe: ukasema kwamba yeye hukimbia kila siku kabla jua halijatoka.

Tangu siku hiyo, kila Jacky alipotoka shifti ya usiku, picha ilimngojea kwenye simu. Ronnie mlangoni, uso umelowa, mdomo wazi, ukungu nyuma yake. Ule unyevu ulitoka kwenye chupa ya kunyunyizia ambayo Douglas alitumia kupigia pasi mashati. Mpiga picha alikuwa Douglas huyo huyo, amejifunika shuka hadi masikioni, akilalamika kwamba hata waigizaji hupewa chai. Siku moja malapa yalionekana kwenye picha. Ronnie akaeleza kwamba ukishakimbia sana ni vizuri vidole vipate hewa. Jacky aliamini. Mapenzi yalikua, yakapendeza, hata wakaanza kuzungumzia mambo ya wazee.

Hapo ndipo Mama Jacky alipotua.

Jina lake Wilkister, mwenye duka la mabati na misumari pale Kimilili, kaunti ya Bungoma. Alikuja kumwona bintiye na angerudi mwisho wa Julai. Jacky alimweleza Ronnie mambo yalivyo, bila kuzunguka. Kwao baba ndiye hupiga kelele, lakini anayeamua ni mama. Akirudi nyumbani ameridhika, wazee wa Ronnie watapokelewa Desemba na kuku watachinjwa. Akirudi hajaridhika, hata wakifika na lori la zawadi watalikuta lango limefungwa. Jacky hakuwa mtoto, lakini pia hakuwa na nia ya kuolewa huku mama yake amenuna.

Habari njema ilikuwa kwamba mama alishasikia kuhusu mkimbiaji na akampenda bila kumwona. Mtu anayeamka, alisema, ni mtu. Habari mbaya ni kwamba sasa alitaka kumwona akikimbia.

Jacky akapanga. Kila Jumamosi asubuhi kuna mbio za bure katika bustani ya kando ya mto kule Parramatta, kilomita tano, mizunguko miwili. Yeye atakimbia, Ronnie atakimbia, na mama, ambaye daktari alimwambia atembee kwa sababu ya presha, atatembea taratibu kwa upande wake na kumtazama kijana akipita. Mwishoni watajulishana.

Ronnie alijaribu kuugua. Alikohoa Alhamisi, akachechemea Ijumaa. Douglas alimwambia aache kuchosha mwili bure kabla ya mbio, kisha akamchorea mpango. Baada ya kona ya kwanza kuna miti, na nyuma ya miti kuna kibanda cha kuchomea nyama chenye ukuta wa matofali. Aingie mitini, akae kwenye kile kibanda mzunguko wa kwanza upite, atokeze wa pili akiwa amejinyunyizia maji. Chupa itoshee mfukoni. Nani atajua?

Jumamosi ilifika na upepo wake. Haukuwa upepo wa kupeperusha kofia. Ulikuwa unaingia kwenye mkono wa jaketi, unakagua mbavu moja baada ya nyingine, kisha unatokea shingoni kama umemaliza kazi. Mbwa walivaa sweta. Wenye mbwa walivaa kaptula. Hilo ndilo jambo ambalo Ronnie hakuwahi kulielewa kuhusu Waaustralia: huwa wanamhurumia mbwa kwanza.

Yeye alikuja na trakisuti nyekundu, nyeusi na kijani, imeandikwa KENYA mgongoni, ambayo alinunua kwenye sherehe fulani kwa sababu ilikuwa nzito. Lilikuwa kosa kubwa. Alipojipenyeza nyuma kabisa, karibu na mama mmoja mwenye kigari cha mtoto, mzee wa kujitolea mwenye kizibao cha manjano alisoma ule mgongo na macho yake yakajaa heshima. Magoti ya huyo mzee yalikuwa ya zambarau kwa baridi lakini roho yake iliwaka. Alimshika Ronnie mkono, akawaomba watu wapishe, na watu wakapisha. Ronnie alijaribu kueleza kwamba Karatina ni mbali sana na kule wanakotoka wakimbiaji, kwamba Karatina ni soko. Mzee akacheka, akasema hao mabingwa kumbe ni wanyenyekevu hivi. Akamweka mstari wa mbele kati ya vijana wawili wembamba, ambao walimpa mkono na kumwambia ni fahari kwao.

Nyuma kwenye umati Jacky alimpungia mkono, uso umejaa furaha. Mama hakuonekana. Alikuwa ameshaanza matembezi yake.

Filimbi ilipolia, Ronnie alikimbia kwelikweli kwa sababu aliogopa kukanyagwa. Kwa dakika moja hivi, Mkenya aliongoza. Watu walipiga makofi. Kisha mapafu yakauliza kuna nini, magoti yakasema hata sisi hatujaambiwa, na alipofika kwenye kona ya miti aliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Vijana wale wembamba walipita wakimuuliza kama yuko salama. Akawaonyesha dole gumba. Umati ulipoanza kupinda upande wa mto, akatambaa nyuma ya kichaka, akaufuata ule ukuta wa matofali na kuingia kibandani.

Ndani mlikuwa na jiko la umma, lile la umeme ambalo ukibonyeza kitufe bamba la chuma linapata moto ili familia zichome soseji zao. Hakuna mwenye akili timamu anayechoma soseji asubuhi ya Julai. Ndiyo maana Ronnie alishangaa kuona bamba linafuka moshi.

Mbele yake alisimama mwanamke mnene wa heshima. Jaketi jekundu lililovimba kama mto wa kulalia, kofia ya sufu, leso juu ya kofia, skafu juu ya leso. Mkono wa kulia ulikuwa unageuza chapati. Mkono wa kushoto, wenye saa, ulikuwa unapungwa mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama wa askari anayepiga gwaride amesimama mahali pamoja.

Ronnie alilijua lile jaketi, lilikuwa la Jacky. Aliijua ile saa, Jacky aliinunua ihesabu hatua za mama yake. Na ule uso aliujua kutoka kwenye picha, kama vile mwenye uso alivyoujua wake, ingawa kwenye picha uso wa Ronnie ulikuwa umelowa zaidi.

Walitazamana. Mkono wa kushoto ukapunguza mwendo, ukasimama. Hapo hapo saa ikalia kengele ndogo ya kumpongeza mama kwa matembezi mazuri.

Ronnie alifanya alivyofundishwa kwao. Alivua glavu, akatabasamu, akanyoosha mikono yote miwili.

"Habari ya asubuhi, mama."

Mama Jacky aliruka nyuma kama aliyenyooshewa nyoka. Akavuta leso ikafunika uso hadi puani.

"Usinikaribie."

Ronnie akajua yameisha. Alianza kueleza mambo ya kamba ya kiatu, akahamia kisigino, akagusia mafua, na katika kujitetea kwa mikono chupa ikamponyoka mfukoni, ikabingirika hadi kwenye viatu vya mama.

"Na hii ni ya nini?"

Alitafuta uongo mwingine akakuta ghala ni tupu.

"Ni jasho, mama."

Kisha leso ikaanza kutikisika, na mabega nayo. Ronnie alidhani amemliza mama wa watu. Ilichukua muda kutambua kwamba anacheka.

Alipopata pumzi, mama alisema yake, akiwa amemgeuzia mgongo nusu. Huyu Jacky, alisema, amekuwa daktari kuliko madaktari. Siku ya kwanza ya kutembezwa masikio yalitaka kung'oka. Siku ya pili aligundua kitufe cha lile jiko, na tangu hapo matembezi yake yote yameishia hapo. Na ile saa ni mjinga. Ukipunga mkono inahesabu. Ukikanda unga inahesabu zaidi, ndiyo maana friji ya Jacky imejaa chapati hadi mlango haufungi, naye Jacky anajisifu wodini kwamba mama yake anawashinda wauguzi kwa kutembea. Akijua ukweli ataitisha mkutano wa ukoo kwenye simu, na ndugu zake wa kiume watazungumza mmoja baada ya mwingine.

Moyo wa Ronnie ukatua. Kumbe wako wawili. Aliona mbele ya jiko kuna benchi, na benchi imepashwa joto na moshi wa chapati, akasogea kuketi.

"Kabla hujakaa," mama akasema, na uma wa kugeuzia chapati ukasimama hewani. "Kwetu mkwe na mama mkwe hawakai kwenye kibanda kimoja hivi. Hawashikani mikono. Hawali wakionana. Akiniona njiani anaingia kwenye mahindi mpaka nipite. Ndiyo heshima. Sasa chagua wewe ni nani."

"Nichague vipi, mama?"

"Ukikaa, nitakupa chapati mbili na chai, upate joto. Utakuwa mtoto wangu kama watoto wengine wote, na Jacky ni dada yako. Ukitaka kuwa yule mwingine, mahali pako ni huko nje."

Alisema kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mteja mabati ya bei mbili.

Ronnie alitazama huko nje. Upepo, kana kwamba ulisikia jina lake, ulipiga mti mmoja ukauvua maganda. Pipa la taka lilipita likitembea lenyewe. Kisha akatazama huku ndani. Chapati ilikuwa imeumuka katikati, ina madoa ya kahawia, inanong'ona kwenye chuma. Kuna dakika ambapo mwanamume hujifikiria kwa makini kama kweli hana haja ya dada.

Akajaribu njia ya mwisho. Alimwambia ukweli, kwamba yeye hata si mtu wa kuamka, kwamba labda mama anapoteza mkwe ambaye hayupo.

"Najua," mama akasema. "Mtu aliyekimbia alfajiri hapigwi picha na malapa. Mimi nauza misumari, naona vitu vidogo. Sitafuti mkimbiaji. Natafuta mtu anayeweza kutoka kwenye joto kwa ajili ya mtoto wangu. Mara moja tu. Kwa baridi hii, mara moja inatosha."

"Na haya ya leo? Ya kujificha?"

"Mkwe hamwoni mama mkwe wake. Kwa hivyo mimi sijamwona mtu hapa. Na wewe umemwona nani?"

"Sijaona mtu."

"Basi nenda. Na uende mizunguko yote miwili, usikate kona. Hiyo chupa iache."

Ronnie alivaa glavu. Alimpa mama mgongo kwa adabu, kwa sababu alihisi ndivyo inavyotakiwa, akavuta pumzi ya mwisho yenye harufu ya chapati, akatoka.

Upepo ulimpokea kwa kofi. Aliikuta njia tupu. Umati ulikuwa umeshapotea kitambo, na aliyebaki ni yule mama wa kigari cha mtoto, na nyuma yake mzee mwingine wa kizibao ambaye kazi yake ni kuwa wa mwisho ili pasiwe na anayeona aibu. Ronnie akampita mama wa kigari, mama wa kigari akampita Ronnie. Mtoto ndani ya blanketi alimtazama kwa huruma. Machozi yalimtoka, ya upepo tu, alijiambia, yakaganda njiani. Midomo ikafa ganzi. Kifua kilitoa sauti ya mlango wa kanisa. Mara mbili alisimama kabisa, akashika magoti, akajiuliza wazee wake wakiulizwa Desemba kijana wao ana sifa gani watasema nini, na mara mbili akanyanyuka. Alipopita karibu na kile kibanda kwenye mzunguko wa pili, aligeuza uso upande wa mto ili asione mtu. Hakukata kona hata moja. Moja aliizunguka kwa nje zaidi, kwa uoga wa kushukiwa.

Waaustralia hawakukata tamaa naye. Vijana wembamba, waliomaliza zamani na sasa wanakimbia tena kwa raha zao, walimpita wakanong'onezana kwamba huo lazima ni mfumo mpya wa mazoezi, polepole namna hiyo, wa kujenga moyo. Mmoja akapunguza mwendo ili naye ajaribu. Pale mwisho, yule mzee wa magoti ya zambarau alimpigia makofi kwa unyenyekevu, akamwambia anaelewa, bingwa hawezi kujimaliza kwa mbio ndogo kabla ya msimu. Kinywa cha Ronnie kilikuwa hakifungi.

Jacky alikuwa amesimama kando ya gari lake, amekunja mikono, na ile furaha ya asubuhi haikuwepo tena.

"Umekuwa wapi? Wanasema uliongoza."

Ronnie alipumua tu.

"Umemfanyia nini mama?"

Jacky alieleza kwa haraka, karibu kulia. Mama alirudi kutoka matembezi, mashavu mekundu, saa inamsifu. Akasimama naye vizuri kungoja. Lakini Ronnie alipotokea kule kwenye mti wa mwisho na Jacky akamwonyesha mama kwamba ndiye yule, mama alifunika uso kwa leso, akageuka, akaenda kujifungia ndani ya gari. Hajasema neno. Amekataa hata kutazama dirishani. Jacky alizaliwa Kimilili lakini alikulia Buruburu, Nairobi, na mambo ya kuingia kwenye mahindi hakuwahi kuyaona. Kwake mama aliyefunika uso ni mama aliyekasirika.

"Nilimwambia wewe ni mtu wa maana," alisema. "Sasa nitafanya nini?"

Ronnie alitaka kumwambia, lakini mdomo ulitoa herufi moja moja. Ndipo kioo cha gari kikashuka kidogo, kiasi cha upana wa kidole, na sauti ikatoka bila uso.

"Jacky. Mwambie huyo mtu wazee wake waje Desemba. Na waje na mama yake mzazi, nataka kumwona aliyemfundisha adabu."

Jacky alitazama kioo, akamtazama Ronnie, akatazama kioo. Kisha akaanza kucheka huku analia, akamkumbatia Ronnie, na kwa muda mfupi mtamu Ronnie alipata joto upande wa mbele. Alipoachiwa, alishika mlango wa nyuma wa gari. Ndani hita ilikuwa inanguruma. Aliiona hewa ya moto ikitetemesha leso ya mama.

"Jacky," sauti ikasema tena. "Anaingia wapi huyo?"

Ikabidi Jacky aelezwe kwamba mkwe na mama mkwe hawapandi gari moja, na alipoelezwa aliomba msamaha kwa macho, akambusu shavu ambalo halikuhisi kitu, akapanda. Gari likaondoka taratibu kuelekea Westmead, vioo vimejaa mvuke wa watu wenye joto.

Ronnie alitembea hadi stesheni akiwa ameupa upepo kifua. Kwenye jukwaa, treni ya Toongabbie ilikuwa imechelewa kwa sababu, walitangaza, ya upepo. Douglas alipiga simu kutoka kitandani, hita ikisikika nyuma yake, akataka kujua upesi: wamemkubali au hawajamkubali?

"Wamenikubali," Ronnie akasema, meno yakigongana. "Wamenikubali kabisa. Wameniacha hapa nje."

Douglas akauliza kama hiyo ni habari ya kumpa pole au hongera. Ronnie alifikiri. Upepo ukampiga upande mmoja, akageuka ukampiga upande wa pili. Akamwambia Douglas ampe zote mbili, na aihamishie ile hita chumbani kwake.